Idi Isingoje Jumamosi

Ngamiani, Tanga

Mwanaidi shoga yangu,

Assalamu alaikum. Barua yako imefika, nimeisoma mara mbili, ya pili nikimsomea mama, naye anakusalimu sana. Sisi hatujambo. Ngamiani ni ile ile, baiskeli na kuulizana hali kila kona. Ila lile neno lako la mwisho limenikaa moyoni, kwamba Idi ya mwaka huu mtaisogeza mpaka Jumamosi kwa kuwa siku yenyewe una zamu.

Usiisogeze, Mwanaidi. Nakuomba.

Wajua nimekaa mji huo huo miaka sita. Mwaka 2015 Ramadhani iliangukia Juni na Julai, jua la Hamburg, huko Ujerumani, halina haraka ya kuzama, tukifuturu karibu saa nne usiku. Tumefunga mwezi mzima kwa tabu ile, Idi imekuja Ijumaa, 17 Julai, mimi nikaenda zangu kazini kukunja mashuka ya mahoteli na mtoto nikampeleka chekechea kama siku zote. Jumamosi nikapika pilau, nikamvisha nguo mpya. Pilau ilikubali, wageni walikula wakasifu, lakini takbira zilikuwa zimeshapita. Mwaka uliofuata nikafanya vivyo hivyo.

Tuliporudi nyumbani, Idi ya kwanza ikawa Jumatatu. Wenzake wamevaa viatu vipya, wanapita nyumba hadi nyumba kuomba sikukuu, yeye kasimama mlangoni anamuuliza mama, "Bibi, kwani leo Jumamosi?" Mama hakuelewa. Mimi nilielewa, nikaingia chumbani nikalia. Mwanangu hakujua kuwa Idi hungojwa. Hakuijua ile jioni ya mwezi ishirini na tisa, redio iko wazi, watu wanaingia na kutoka uani kutazama mbingu, haijulikani kesho ni kufunga au kula mchana, na mama keshaloweka mchele wa mkate wa kumimina kwa kubahatisha tu. Halafu sauti inatoka nyumba ya pili, "Umeandama!" na hapo hapo mbuzi ya nazi inaanza kulia.

Ruhusa utaipata ukiiomba mapema. Tangu 2012 serikali ya Hamburg ina mkataba na jumuiya za Waislamu, na sikukuu za Idi zimo. Mfanyakazi anaruhusiwa kukosa kazi siku hiyo, labda kuwe na dharura kazini, ingawa saa hizo hulipwi au unazifidia siku nyingine. Mtoto naye anaruhusiwa kutokwenda shule. Mimi niliambiwa habari hii mwaka wa mwisho, nikiwa nafunga mizigo. Mwandikie msimamizi wako sasa, mweleze kuwa tarehe huenda ikapishana siku moja kwa sababu ya mwezi.

Siku yenyewe haitaki makubwa. Fukiza nguo kwa udi, dirisha likiwa wazi, usije ukakiamsha kile kidude cha darini kinacholia kikinusa moshi. Kuleni tende mbili tatu, mwende mkaswali na watu, na njiani mtoto asikie takbira kinywani mwako. Pilau ya Jumamosi ibaki pale pale, alika unaowataka. Hata huku tunapumzika siku mbili, basi hiyo iwe Idi pili yenu. Lakini Idi mosi mpe mtoto siku yake. Wewe tena, uliyepewa jina kwa kuzaliwa siku hiyo!

Sasa jambo langu. Mama ameanza kumshonea mwanao Salimu kofia ya mkono, na wajua kofia ya mkono ni kazi ya miezi. Kitambaa kipo, uzi upo, kilichobaki ni kipimo cha kichwa. Usiniandikie sentimita, mama hazitaki. Chukua uzi, uzungushe juu kidogo ya masikio yake, kata pale unapokutana, uutie kwenye bahasha pamoja na barua yako.

Wako,
Zubeda