Somo, mkono haujafa

Tanga, Aprili

Somo yangu mpenzi,

Nakusalimu sana wewe na watoto, na mama mpe shikamoo yangu. Huku hatujambo. Masika yameanza kwa kishindo, kanga nilizofua Jumamosi bado zina unyevu na leo ni Jumatano. Mvua hii nakutajia kwa makusudi, nitairudia huko mbele.

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Umesema tangu uhamie Dodoma umechora kurasa nne tu kwenye lile daftari la jalada la ngozi ulilopewa siku ya kuagwa kazini, na kwamba mkono umekufa. Neno hilo limenikaa kifuani. Mkono uliokuwa unachora nyuso za wavuvi pale Deep Sea, samaki wanapigwa mnada na watu wanasukumana, utakufaje kwa kuhama mkoa? Nikazifungua tena picha ulizonitumia, nikazikuza kwenye simu, na safari hii nikaiangalia karatasi kabla ya mchoro. Somo, tatizo ni daftari. Ndiyo maana unapokea kifurushi hiki cha madaftari.

Chukua ule mchoro wa mbuyu. Kijivu ulichopaka kwenye shina kimeacha kingo kingo kama doa la chai kwenye kitambaa, na ukurasa umefanya milima na mabonde. Ukaona umesahau kupaka rangi. Lakini daftari lile ni la kuandikia. Mchoro wa upande wa pili unaonekana hadi huku, kwa hiyo sidhani karatasi yake inazidi gramu 80. Nambari hiyo ni uzito wa karatasi yenye ukubwa wa mita moja ya mraba. A4 kumi na sita ndizo zinazojaza mita hiyo, ndiyo maana karatasi moja ya fotokopi ina gramu 5 tu, na rimu nzima ya karatasi 500 ni kilo mbili na nusu. Kwa peni na penseli inatosha kabisa. Kwa rangi za maji haiwezi. Nyuzi za karatasi zikinywa maji hutanuka, na pale palipolowa panavimba huku pembeni pakiwa pakavu, basi ukurasa unainuka na kushuka na rangi inakimbilia mabondeni. Halafu hewa ya huko kwenu ni kavu, maji yanakauka hata hujarudisha brashi. Hapo hata fundi aliyebobea ataacha kingo.

Kwa hiyo lile lenye jalada la bluu ndilo la rangi. Nimeliagiza Dar, karatasi zake ni gramu 300, na usishtuke kwamba ni chache na nzito kama kadi za harusi. Pitisha kidole juu yake, utasikia chembechembe. Mbuyu upake asubuhi, jua halijapanda. Kwanza lowesha kwa maji matupu sehemu ile tu unayotaka kuifanyia kazi, ndipo uweke rangi. Karatasi nene hushika maji muda mrefu, utapata nafasi ya kulainisha kingo. Ikishakauka, chovya brashi, ifute kwenye kitambaa mpaka ibaki na rangi kidogo sana, kisha ipitishe kwa ubavu. Itagusa vilele vya chembe na kuruka vishimo. Hilo ndilo gamba la mbuyu, na utakuwa hujachora mstari hata mmoja. Siku niliyoliona jambo hilo likitokea chini ya mkono wangu, kwenye ukuta wa matumbawe wa nyumba moja ya zamani kule Pangani, niliacha kila kitu nikakaa kuutazama ule ukurasa mpaka mwito wa alasiri.

Lakini daftari hilo lisitoke nyumbani, au litoke siku umeamua kwenda kuchora na una muda wa kukaa. Nakuambia hivyo kwa sababu umeandika kwamba unalibeba la ngozi kila siku kwenye mkoba na hulifungui. Hulifungui kwa kuwa ni kubwa. Kwenye daladala goti la jirani liko juu ya goti lako, daftari la A4 utalifungulia wapi? Na watu wakiona kitu kikubwa kimefunguliwa wanajitengeneza, wanakaa kama wanapigwa picha ya pasipoti.

Ndipo linapokuja hili dogo, ambalo nimelishona mwenyewe juzi usiku. Nimechukua karatasi nne za A4 za gramu 120, nikazikata katikati zikawa nane, nikazikunja, zikatoka kurasa 32 za A6. Linaingia kwenye kiganja, linaingia hata mfuko wa dera. Jalada ni boksi la viatu nililolivisha karatasi ya kaki, ile ile tuliyokuwa tukifunikia madaftari ya shule. Nataka ujifunze kulishona, kwa sababu litajaa ndani ya wiki mbili na sitaki usubiri basi la Tanga. Weka karatasi zilizokunjwa ndani ya jalada, toboa matundu matatu kwenye mkunjo kwa shazia, moja katikati, moja juu na moja chini. Uzi omba kwa fundi viatu, ule wenye nta, maana hautelezi na hauozi upesi. Anza ndani, toka nje kwa tundu la katikati. Ingia kwa la juu. Ukiwa ndani ruka lile la katikati, tokea la chini. Rudi ndani kwa la katikati, kisha funga fundo ukihakikisha ule uzi mrefu wa ndani umebanwa kati ya ncha mbili. Basi. Mara ya kwanza itakuchukua nusu saa, mara ya tano utamaliza chai ikiwa bado ya moto.

Daftari la kushonwa hulala wazi, hilo ndilo ninalolipendea. Yale yaliyogundishwa tu mgongoni, ukiyalazimisha kufunguka yanapasuka na karatasi zinaanza kutoka moja moja kama meno ya mtoto. Ya waya yanakunjika vizuri hadi nyuma, lakini ndani ya mkoba waya hupondeka, na kurasa zinasuguana mpaka penseli yote inageuka ukungu. Nilipoteza michoro ya safari nzima ya Lushoto namna hiyo. Tangu hapo safarini natumia peni.

Kwenye hili dogo usibebe rangi. Peni tu. Rangi ziandike kwa maneno pembeni mwa mchoro. Mwaka 1832 mchoraji wa Kifaransa Delacroix alipozunguka Moroko alifanya hivyo kwenye madaftari yake ya safari, mchoro wa haraka na pembeni yake maelezo ya rangi alizoziona, na miaka mingi baadaye akiwa Paris bado alikuwa akichota humo kwa picha zake kubwa. Nami nimegundua kwamba lugha yetu imeshatupa sanduku zima la rangi. Naandika damu ya mzee, naandika ugoro, samli, majivu, maji ya kunde. Mwezi uliopita nilimchora mwendesha baiskeli Barabara ya Kumi na Mbili akiwa amepakia mikungu ya ndizi, kwa mistari isiyozidi ishirini, nikaandika "shati samli iliyochuja, ukuta ugoro, kivuli zambarau". Jioni nilipokaa na rangi, maneno hayo matatu yalinirudishia mtaa wote. Picha ya simu isingenipa zambarau ile, maana simu ilikiona kivuli cheusi.

Na kaunta buku? Najua utaniuliza, kwa sababu ulishasema huoni fahari kuchora juu ya mistari. Somo, mimi kaunta buku la kwaya mbili nalithamini kuliko daftari lolote nililowahi kununua kwa bei kubwa. Kurasa 192! Humo ndimo mkono unapofanyia mazoezi, kama mpiga gambusi anavyopiga nyumbani wimbo ule ule mpaka vidole viuzoee. Nilitaka kujua mikono ya muuza machungwa inavyokaa anapomenya, kisu kimesimama na chungwa ndilo linalozunguka. Nilijaza kurasa sita. Za kwanza vidole vilikuwa kama mihogo. Kwenye ukurasa wa nne nikaona kumbe kidole gumba cha mkono wenye kisu kinatangulia kwenye ganda na kumwongoza mwenzake. Kwenye daftari la gramu 300 nisingethubutu kukosea kurasa tatu nzima ili nifike huko. Mistari nayo inasaidia: inakuonyesha bega lipi limeshuka na kichwa kinaingia mara ngapi kwenye mwili. Tumia peni ya kawaida, wino wake ni mzito wa mafuta na haupenyi upande wa pili. Peni za wino wa majimaji zinapenya. Karatasi itageuka manjano na miaka, ndivyo zilivyo karatasi nyingi za bei nafuu, zina mabaki ya mti ambayo mwanga huyabadilisha. Usihuzunike kwa hilo. Hata magazeti aliyokuwa akituwekea babu yaligeuka na tukayasoma.

Hapa namkumbuka Edward Saidi Tingatinga. Mwishoni mwa miaka ya 1960, pale Dar, alichukua vipande vya hadibodi na rangi ya kupakia baiskeli, vitu vya dukani kwa watu wa kawaida, akaanza kuchora. Rangi ile ni nzito, inang'aa, inataka kutandazwa bapa na kuachwa ikauke. Ukiziangalia zile picha, chui na ndege wenye mipaka safi, unaona kabisa kwamba vifaa navyo vilishika brashi pamoja naye. Alifariki mwaka 1972, na hadi leo kuna watu wanaishi kwa mkono ule aliouanzisha. Ndivyo ninavyolielewa daftari. Linaingia kwenye mchoro, linaukubali mwendo fulani na kuukataa mwingine, na likiukataa mwendo wako kila siku unaanza kuamini kwamba wewe ndiye usiyeweza.

Lile la ngozi usilitupe. Ni zuri na limetoka kwa watu wanaokupenda. Andikia humo. Shajara, mapishi, majina ya mimea ya huko kwa Kigogo kama wanavyokutajia majirani, na mchoro mdogo wa peni kando ya neno. Karatasi yake iliumbwa kwa kazi hiyo.

Sasa mvua. Masika ya miaka mitatu iliyopita nilikusanya madaftari yangu yote, nikayatia kwenye mfuko wa nailoni, nikaufunga, nikausukuma juu ya kabati nikiamini nimeyakinga. Kumbe nilikuwa nimeufungia unyevu ndani. Nilipofungua mwezi wa Juni harufu ilinipiga kabla ya macho. Kurasa zimegandana, ukungu mweusi umetambaa kwenye mshono, na mende wameila gundi ya migongo. Madaftari manane. Moja lilikuwa la bibi, lile nililomchora ndani yake akisuka ukili barazani mwaka wake wa mwisho. Nilijaribu kuzitenganisha kwa kisu chembamba, karatasi kwa karatasi, usiku mbili. Nilipata jicho moja na sehemu ya mkono. Bibi hayupo wa kuchorwa tena, na sijawahi kumwambia mtu jambo hili ila wewe.

Tangu hapo madaftari yangu yanasimama kwenye rafu, yameachiana nafasi, mbali na ukuta, na kati yake naweka vile vipakiti vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Kila wiki nayafungua yapate hewa. Wewe Dodoma umebarikiwa kwa hili. Ile hewa kavu unayoilaumu kwa kukausha rangi haraka ndiyo itakayokutunzia karatasi bila jasho. Yakinge na jua tu, na vumbi.

Wakati ule wa ukungu liko daftari moja lililonusurika, kwa sababu halikuwa langu na sikulitia kwenye mfuko. Lilikuwa limekaa dirishani, juu ya cherehani. Sijakununulia kaunta buku jipya, somo. Lililo chini kabisa ya kifurushi, nililolifunga kwa kanga ya kijani, ni lako. Ulilisahau kwangu siku unahama. Wavuvi wote wa Deep Sea wamo, na yule mzee wa kofia ya kiua uliyemchora mara kumi na moja ukitafuta shavu lake linavyobonyea akivuta sigara, na mwisho ukalipata. Nimehesabu. Kurasa 61 za nyuma bado ziko tupu.

Mzigo nimeulipia kabisa. Basi linaondoka hapa kesho alfajiri. Uende stendi ya Nanenane na kitambulisho chako, jina limeandikwa kama lilivyo kwenye kadi. Kanga ibaki kwako. Nitumie picha ya ukurasa wa kwanza utakaojaza, hata kama ni mguu wa meza.

Ni mimi akupendaye,
Somo yako