Picha za zamani na kikao cha Jumamosi

Assalaam alaykum ndugu zangu. Shikamooni wakubwa, wadogo, marahaba nimeshaitikia mapema.

Asanteni kwa picha. Ile ya Bibi barazani Ngamiani, Tanga, 1984, imewachanganya wajukuu: mbona kakumbatia mche wa sabuni kama mtoto? Wanangu, miaka ile sabuni, sukari na khanga vilikuwa vya foleni. Mtu anaamka alfajiri, anaweka jiwe au kikapu kumshikia nafasi, anarudi kuchemsha uji. Ole wako jiwe lako lipigwe teke.

Jumamosi saa 10 alasiri tukutane kwa Shangazi, Chumbageni. Kila nyumba ilete albamu yake. Nyuma ya picha andikeni majina kwa penseli, wino unapenya. Mchango ni 10,000 kwa mtu mzima, mpeni mweka hazina, si mimi. Mwaka jana nilivuruga hesabu nikaishia kulipia biriani mwenyewe.

Mjomba, kile kisa cha treni ya Moshi njoo nacho, safari hii tutakirekodi.

Halafu yule mtoto anayelia pembeni ya Bibi ni nani? Mimi nasema ni mimi. Dada anakataa katakata.