Kabla hujalaumu dawa ya minyoo, pima kinyesi
Wafugaji habari zenu, naona humu malalamiko ya dawa yamezidi, mtu kanywesha mbuzi albendazole lakini kope za ndani bado nyeupe pee (dalili ya kupungukiwa damu kwa minyoo), basi anakimbilia kuongeza dozi. Tulieni jamani, tupime kwanza.

Chagua mbuzi au kondoo 10 hadi 15 ambao hawajapewa dawa karibuni, vaa glavu utoe kinyesi kulekule ndani sio cha kuokota chini, kila mnyama na mfuko wake wenye namba, weka pa baridi ila usigandishe, peleka maabara wahesabu mayai ya minyoo. Siku hiyohiyo wapeni dawa, na uzito pimeni kwa mzani au utepe, hii ya kukadiria kwa macho ndo inazaa usugu (minyoo kutokufa kwa dawa) kwa sababu dozi ndogo inaua minyoo dhaifu tu, wale sugu wanabaki wanazaana.

Siku ya 14 baada ya dawa rudieni kupima kinyesi kwa wanyama walewale (kama dawa uliyotumia ni levamisole, siku ya 7 inatosha). Mayai yakiwa yamepungua kwa chini ya asilimia 95 ukilinganisha na hesabu ya kwanza, hapo shuku usugu, ongea na daktari wa mifugo ubadilishe kundi la dawa, sio jina tu la chupa.