Barua ya wazi kwa Mjomba: kabla hujayalipia hayo magurudumu ya spoki

Mjomba wangu,

Shikamoo. Picha mbili ulizonitumia kutoka Kisumu, ukiuliza ununue magurudumu yapi kwa ajili ya Ford Model A yako, nimezitazama mara nyingi, na kwa kuwa hapa Nakuru pia wapo watu wanaolifufua gari la kale kwa kulivua mabawa (madigadi) na kulitia injini yenye nguvu, nimeona nikujibu hadharani ili nao wasome. Picha ya kwanza ni ya magurudumu ya Jaguar, spoki 72 kila moja, kromu inang'aa. Ya pili ni ya magurudumu ya Ford ya mwaka 1935, yamejaa kutu na yameegemezwa ukutani. Kwa heshima zote, Mjomba, chukua yenye kutu, mradi yapite vipimo nitakavyokueleza.

Yale ya Jaguar ni mazuri, sikatai. Lakini gurudumu la aina hiyo huingia kwenye habu (kitovu kinacholishika gurudumu) yenye meno na kukazwa kwa nati moja kubwa ya katikati, ilhali Ford Model A yako ya 1930 ina boliti 5 kwenye duara la inchi 5.5. Itakulazimu ununue habu nyingine, na uhakikishe kwamba za upande wa kulia zina uzi unaokazwa kinyume, kwa sababu zikibadilishwa pande, nati hujilegeza yenyewe gari likiwa mwendoni. Sioni sababu ya kuingia gharama na hatari hiyo kwa ajili ya mng'ao.

Spoki za Ford zimechomelewa, hazikazwi moja moja kama za baiskeli. Model A za 1928 na 1929 zilivaa magurudumu ya inchi 21, za 1930 na 1931 zikavaa ya inchi 19. Kisha ikaja inchi 18 mwaka 1932, 17 mwaka 1933 na 1934, hadi 16 mwaka 1935, ambao ndio mwaka wa mwisho wa spoki kwa magari ya Ford ya wakati huo. Duara la boliti halikubadilika muda wote huo, ndiyo maana ya 1935 yanaingia kwenye gari lako, na kwa udogo wake yanalishusha gari na kubeba tairi nene zaidi.

Sasa nifike kwenye jambo linalonikosesha usingizi. Umeniambia utafunga breki za mafuta za Ford za miaka ya 1940 hadi 1948. Boliti zitalingana, na hapo ndipo watu wengi hudanganyika. Gurudumu la spoki halishikwi na boliti peke yake. Ukingo wa nje wa bakuli lake la katikati unapaswa kuegemea uso wa dramu, ile ngoma ya breki inayozunguka na gurudumu. Dramu za miaka hiyo haziufikii ukingo huo, kwa hiyo ni lazima kuwekwe pete ya chuma ya kuujazia, la sivyo bakuli hupindapinda kila gari linapokata kona. Nayasema haya kwa kuwa yamenipata. Gereji iliyofunga magurudumu yangu iliziacha pete hizo, na baada ya miezi michache ya barabara ya Njoro nikaanza kusikia mlio mdogo, tik, tik, kila nilipopinda kushoto. Nilipolivua gurudumu na kufuta vumbi kwa kidole, nikaona ufa mwembamba kama unywele umetoka tundu moja la boliti ukielekea la pili. Watoto walikuwa wamepanda gari hilo asubuhi ile ile.

Kwa hiyo, kabla ya bei, omba brashi ya waya na usugue pale penye matundu ya boliti hadi chuma kionekane. Kisha lining'inize gurudumu na uigonge kila spoki kwa spana ndogo: iliyo nzima hulia kama kengele, iliyoachia hutoa sauti iliyozibwa. Mwisho lizungushe mbele ya msumari uliosimamishwa karibu na rimu. Mimi hulikataa likicheza zaidi ya milimita 2.

Kuhusu tairi, mbele weka nyembamba za 5.50-16 (upana inchi 5.50, rimu inchi 16) na nyuma 7.00-16, zote ziwe zenye nyuzi za mshazari na ziwe na tyubu. Usichanganye na radiali, yaani tairi ambazo nyuzi zake hukata moja kwa moja kutoka ukingo hadi ukingo, kwani gari litayumba kwenye kona. Najua 7.50-16 za malori zinapatikana kila duka, lakini rimu zako ni nyembamba mno kwazo na zitabanwa kingo. Jihadhari pia na 6.00-16 za magurudumu ya mbele ya trakta, ambazo huku kwetu kwenye mashamba zimejaa: zikiwa na alama A8, maana yake hazikutengenezwa kuzidi kilomita 40 kwa saa, nawe unataka kupanda nazo Kericho. Halafu soma tarakimu 4 za mwisho za msimbo wa kiwandani (DOT) ulio ubavuni; 2319 ni juma la 23 la mwaka 2019. Tairi iliyokaa dukani miaka kumi siitaki kwenye gari lako, hata kama meno yake hayajagusa lami.

Nitapanda matatu kuja huko Jumamosi. Nitakuja na mkanda wa kupimia, brashi na spana. Tafadhali dramu moja iwe imetolewa kwenye ekseli, na muuzaji asilipwe hata arubuni kabla sijafika.

Mpwa wako,
Nakuru