Barua ya Wazi kwa Gavana wa Kaunti ya Kilifi

YAH: VIJANA WA TEKNOLOJIA NA KAZI YA KWANZA

Mheshimiwa Gavana,

Ninakuandikia kutoka Malindi, ninakofundisha kompyuta. Vijana wetu wanahitimu wakijua kuunda programu na tovuti, kisha wanakutana na matangazo ya kazi yanayodai uzoefu wa miaka kadhaa, ambao hakuna aliyewapa nafasi ya kuupata.

Hali hii haikuanzia Pwani. Wakati wa korona kampuni kubwa za Marekani ziliajiri kupita kiasi, na riba ilipopanda mwaka 2022 zikaanza kupunguza watu: Meta ilitangaza kuwaachisha kazi wafanyakazi 11,000 mwezi Novemba, na Januari 2023 Google ikafuata na 12,000. Katikati ya matangazo hayo mawili ikazinduliwa ChatGPT, programu ya akili unde inayojibu maswali na kuandika, na tangu hapo akili unde imezidi kufanya zile kazi ndogondogo za kuandika na kurekebisha programu ambazo zamani alipewa anayeanza.

Vijana wanashauriwa wageukie kazi za mtandaoni, na serikali kuu imewafundisha kupitia mpango wa Ajira Digital. Sizidharau kazi hizo, kwa kuwa zimelisha familia nyingi. Lakini kuweka alama kwenye picha ili kompyuta ijifunze kuzitambua, kwa malipo ya kipande kimoja kimoja hakumfanyi mtu kuwa mhandisi. Mwanagenzi wa kuunda majahazi hapigi msasa ubao mmoja milele, bali hukaa na fundi wake mpaka chombo kishuke majini.

Hatuombi mradi wa ukubwa wa kituo cha Ngomeni, ambako setilaiti ya Uhuru ilirushwa mwaka 1970. Kazi ya kujifunzia ipo tayari mikononi mwako: Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezikabidhi kaunti vyuo vya ufundi vya vijijini, zahanati na leseni za biashara, na huduma hizo zote zinahitaji mifumo ya kompyuta na watu wa kuitunza. Ninakuomba, Mheshimiwa, kila zabuni ya mfumo wa namna hiyo iwe na sharti la kuchukua wanagenzi wa kaunti hii, walipwe posho, wafanye kazi mwaka mzima chini ya mhandisi mzoefu, na mwishoni wapewe barua inayotaja waziwazi walichokijenga. Kozi fupi ziendelee, ila wingi wa vyeti usiwe ndio kipimo cha mafanikio.

Ninaomba sharti hilo liandikwe kabla ya kutangazwa kwa zabuni za mwaka wa fedha unaoanza Julai.

Wako mwaminifu,
Mwalimu wa kompyuta, Malindi