Kwa wanafunzi wangu, "kule" ni maziwa

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niseme jambo kuhusu KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu. Kila matokeo ya upimaji wa darasa la pili yakitoka, sisi wa Simanjiro tunaambiwa walimu wavivu na watoto watoro. Watoro wapo, hasa ng'ombe wakihamishwa kufuata majani, sikatai. Lakini hata wanaokuja kila siku wana shida nyingine ambayo sijaiona gazetini.

Mimi mzaliwa wa Pangani, huko pwani, Kiswahili nimekinyonya. Nilipopangiwa kazi huku Manyara nilidhani "ma-me-mi-mo-mu" ni ile ile popote pale. Na kweli watoto waliitikia vizuri mno. Walisoma ubao mzima kwa sauti moja, mwalimu mkuu akipita dirishani anatabasamu. Ila ukimshika mmoja mmoja, umuulize alichosoma maana yake nini, kimya.

Siku moja niliandika: "Baba anakwenda kule." Binti mmoja wa dawati la mbele akasoma bila kukwama. Nikamuuliza, baba anafanya nini? Akakunja viganja kama ameshika kibuyu, akainua kichwa, akanywa. Nikacheka, nikijua ananifanyia utani. Wenzake hawakucheka, walikuwa wanatikisa vichwa kumuunga mkono. Mchana mlinzi wetu, mzee wa hapo hapo kijijini, ndiye aliyenifumbua macho: "Mwalimu, kule si maziwa?" Kwa Kimasai, kule ni maziwa. Mtoto alikuwa amesoma sawasawa, tena kwa kuelewa. Asiyeelewa nilikuwa mimi.

(Nilikuwa sielewi mengi. Miezi miwili nzima watoto wakiinamisha vichwa mbele yangu nilidhani wananiogopa. Kumbe wanaamkia, wanangoja niwaguse utosini.)

Vitabu vinatoka Taasisi ya Elimu Tanzania na ni vile vile nchi nzima. Sivilaumu, hakuna kitabu kimoja kitakachomjua kila mtoto. Ila picha ya jahazi, kwetu Pangani mtoto anaanza kukusimulia kabla hujamuuliza. Huku niliambiwa kwamba hilo ni hema la watalii.

Basi nikaanza na wanachokijua. Kila ukoo una alama yake inayokatwa kwenye sikio la ng'ombe. Mtoto wa miaka saba akiona ng'ombe aliyepotea anakwambia huyo wa kina nani, na huwa hakosei. Nilichora masikio kwenye karatasi za manila, wakinielekeza wao, na mara kadhaa walinifutisha kwa kuwa nimekosea mkato. Chini ya kila sikio tukaandika: "Ng'ombe huyu ni wa nani?" Kwa utaratibu wa kawaida ng' huja nyuma sana, baada ya herufi moja moja kwisha, maana inahesabiwa ngumu. Hawa sauti hiyo wanayo kwenye lugha yao. Waliimaliza kwa siku mbili. Halafu tukaingia kwenye majina ya vijiji. Loiborsoit wote wanaijua, na wanajua kwamba jina hilo kwa Kimasai lina jiwe jeupe ndani yake. Nilipoandika "jiwe jeupe" pembeni, waliunganisha wenyewe.

Akaja mgeni wa kukagua. Akakuta ukutani safu mbili: enkare, maji, enkiteng, ng'ombe, kule, maziwa. Akasema shuleni hatuongei kilugha, karatasi zitoke. Nilizitoa. Wiki iliyofuata nilizirudisha, na nakiri hapa mbele ya wasomaji wako.

Hoja yake naijua na ninaiheshimu. Kiswahili ndicho kilichomwezesha mtu wa Pangani kuzungumza na mlinzi wa Simanjiro. Sitaki hesabu za darasa la saba zifundishwe kwa Kimasai. Ninachotaka ni daraja, mwaka wa awali na miezi ya mwanzo ya darasa la kwanza, mtoto avuke nalo kuja kwenye Kiswahili akiwa anajua kwamba maandishi yanasema kitu. Wenzetu Kenya mtaala wao unaruhusu lugha ya nyumbani hadi darasa la tatu, na Wamasai wa Kajiado ni ndugu wa hawa hawa nilio nao.

Ombi langu kwa wizara na halmashauri ni moja, nalo si la gharama kubwa: shule kama yetu ipewe msaidizi mmoja kutoka kijijini, alipwe posho, akae darasani na mwalimu mgeni. Msitafute mbali. Hapa kuna mama anayesoma Biblia ya Kimasai kanisani kila Jumapili, miwani yake imefungwa kwa uzi, hajikwai hata neno moja. Nimemuuliza, amekubali. Alichouliza yeye ni kama mgeni yule atarudi.

Na Taasisi ya Elimu, kama mna mtu wa vitabu vya ziada, kurasa za masikio ya ng'ombe ninazo kumi na nne, nimezihifadhi kwenye sanduku la chuma kwa sababu ya panya. Mkizihitaji nitazipandisha basi la Orkesumet.

Mwalimu wa darasa la kwanza,
Simanjiro, Manyara