Mheshimiwa Waziri wa Kilimo, mkojo hauna wizara

Mheshimiwa Waziri,

Salamu, na pole kwa majukumu. Nakuandikia kuhusu mkojo. Najua barua ya namna hii huishia chini kabisa ya faili, ndiyo maana nimeiweka hadharani, angalau wengine waisome wakati inasubiri zamu yake mezani kwako.

Mimi ni mkulima mdogo. Kwa miaka minne nimekuwa nikikusanya mkojo wa nyumbani kwetu kwenye madumu ya lita 20, nayafunga, nayaweka kivulini, nayaacha. Ukifungua dumu lililokaa miezi mingi, hewa inakuchoma pua hadi machozi yanakulengalenga. Hiyo ni amonia. Chini yake utakuta mashapo meupe kama chokaa, yameng'ang'ania plastiki. Mara ya kwanza nilidhani ni uchafu, nikalisugua dumu na mchanga, nikayamwaga. Baadaye ndipo nilipojua kuwa nilichomwaga ni fosfati iliyoungana na magnesi na amonia, mbolea iliyojitengeneza yenyewe bila kiwanda. Iliniuma.

Tuhesabu kidogo. Mtu mzima hutoa takriban lita 500 za mkojo kwa mwaka, na kinyesi kama kilo 50 tu. Katika mkojo huo kuna naitrojeni ipatayo kilo 4, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya naitrojeni yote inayomtoka, na fosforasi nayo zaidi ya nusu hupitia humo. Vimelea vya magonjwa vingi sana viko kwenye kinyesi. Yaani chakula cha mmea kiko upande huu, maradhi yako upande ule, na mwili umeshatutenganishia. Sisi ndio tunaovichanganya, tena kwa maji safi, halafu tunakopa fedha za kujenga mtambo wa kuvitenganisha upya. Kinachoponyoka kwenye mtambo huishia mtoni na ziwani kulisha magugumaji.

Nilipotaka kuwauzia majirani ziada yangu, niliona nifuate utaratibu. Bwana shamba akaniambia mambo ya choo ni ya Afya. Bwana afya akasema maadamu nyumbani kwangu hapanuki hana neno nami, ila ya shambani nikamuulize bwana shamba. Ofisi ya maji walicheka, mmoja akaniuliza kama mke wangu bado yupo. (Yupo, na dumu lake ana lake.) Nikarudi nyumbani nimeelewa: choo ni cha Afya, bomba ni la Maji, shamba ni lako. Mkojo hauna mwenyewe. Na kwa kuwa hauna mwenyewe, kanuni zinauhesabu pamoja na kinyesi kwa neno moja tu, taka.

Hilo neno ndilo ninalokuomba uligawe. Uupe mkojo kanuni yake: uhifadhiweje, kwa muda gani, uwekwe kwenye zao gani, na nani aukague.

Sisemi watu wakamwage vyoo shambani. Kinyesi kibichi ni kipindupindu, ni taifodi, na mayai ya minyoo yaliyomo huweza kukaa udongoni miaka. Kinataka mboji inayopanda kupita nyuzijoto 50 na kubaki hapo siku nyingi, lundo likipinduliwa ili la pembeni liingie katikati. Hiyo ni kazi ya watu waliofundishwa, wenye kipimajoto na glavu. Iandikie kanuni ya peke yake, hata ikichelewa.

Mkojo ni mwepesi zaidi. Ukikaa kwenye chombo kilichofungwa, urea huvunjika kuwa amonia na pH, yaani kipimo cha asidi na alkali, hupanda hadi karibu 9, hali ambayo vimelea vingi havihimili. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2006 unasema miezi 6 katika nyuzijoto 20 au zaidi inatosha kwa mazao yote. Kwa familia inayotumia mkojo wake yenyewe, kinachotakiwa ni kupitisha mwezi mmoja kati ya kuuweka mara ya mwisho na kuvuna. Hata kuuweka kuna adabu yake. Niliwahi kuumwagia majani bila kuuzimua, jioni yakawa kahawia kama yamepitiwa na moto. Sasa nachimba kijifereji pembeni ya shina, namimina, nafukia papo hapo, kwani ukiuacha juu amonia yote inaondoka na upepo. Na ardhi yenye chumvi siigusi kabisa.

Watakaokupinga watakutajia jimbo la Maine, Marekani, lililopiga marufuku tope la majitaka mashambani mwaka 2022 kwa sababu ya kemikali zisizooza. Watakutajia Uswisi, iliyolikataa tope hilo tangu 2006. Wana haki, lakini tope hilo limeshachanganyika na maji ya viwandani na kila kitu kinachotupwa kwenye sinki. Uswisi hiyohiyo, mwaka 2018, iliidhinisha mbolea iitwayo Aurin, inayotengenezwa kwa mkojo uliotengwa tangu chooni na kupitishwa kwenye mkaa maalumu unaonasa mabaki ya dawa, itumike hata kwenye mazao ya kuliwa.

Kosa la kuliogopa zaidi ni lile la Durban, Afrika Kusini. Manispaa ilijenga makumi ya maelfu ya vyoo vinavyotenga mkojo, na kazi ya kutapisha ikabaki kwa wenye nyumba. Wengi waliviona ni vyoo vya daraja la pili, na siwalaumu. Usianzie majumbani mwa watu, Mheshimiwa. Anzia pale ambapo mkojo tayari uko peke yake: sehemu za kukojolea za wanaume shuleni na kwenye vituo vya mabasi. Huko unahitaji bomba, tangi na mtu anayelipwa.

Mwaka 2022 bei za mbolea zilipopaa duniani, tulikumbushwa naitrojeni ya viwandani inavyotegemea gesi asilia. Kuhusu fosfati, karibu asilimia 70 ya akiba ya mwamba wake inayojulikana iko Moroko na Sahara Magharibi.

Madumu yangu sasa ni 11, kila moja limeandikwa tarehe kwa wino usiofutika. Mawili yametimiza miezi 6 wiki iliyopita. Nayaacha yamefungwa. Mtume mtaalamu wa maabara aje achukue sampuli. Chupa nitampa mimi, ila glavu aje nazo.

Mkulima wako,
mwenye madumu